Jean-Marie wa Theluji

Bukavu, 8 Oktoba 2023

Yaya Mathilde,

Naandika kwa kalamu, kisha nitapiga picha karatasi na kukutumia, maana nikituma ujumbe wa sauti humu ndani unasikilizwa na nyumba nzima. Maman akisikia tu jina lako anakuja na kiti chake kabisa.

Ukoo umekaa. Tonton Kalenga alikuja na wazee wengine, wakala, wakanywa, ndipo wakafungua mdomo. Wamesema mwaka wa pili unakwisha tangu udongo uporomoke kwenye njia ya Kamituga na kuifukia ile gari. Waliopatikana walishazikwa. Mume wangu hakupatikana na hatapatikana. Kwa hiyo tufanye kama ukoo wenu unavyofanya kwa mtu aliyepotea bila mwili: aitwe, nguo zake zizikwe, matanga yaishe. Wametaja Jumamosi ya pili ya Januari.

Unajua nani anapaswa kuita. Mama hamwiti mwanawe, asije akamrudisha njiani. Mke haruhusiwi. Anaita mkubwa wa tumbo lile lile, na huyo ni wewe, dada yake. Tonton amesema hata kwa simu itafaa, tutaishika mlangoni, ikitazama barabara aliyoondokea. Utamwita Héritier mara tatu. Asipoitika unasema, "Basi, lala," nasi tunakwenda kuzika. Akiitika, hatuziki. Ndiyo sheria yote.

Yaya, niseme wazi. Nimechoka. Mimi si mke, si mjane. Sokoni wananipa pole kwa mkono mmoja na kunipunja mizani kwa mwingine. Nguo za rangi sivai. Kazi niliyopata kwenye shule ya masista wameniambia isubiri mpaka nitoke matanga. Na yuko mtu, Anaclet, mwalimu wa hesabu, mrefu, anacheka kama aliyekatazwa. Hajaniambia neno la aibu. Amesema tu kwamba atasubiri. Nimempenda kidogo, na ninaogopa kumpenda zaidi wakati yule mwingine hajalala.

Tafadhali nijibu ndiyo.

Wifi yako,
Abigaël


Bruxelles, 19 Oktoba 2023

Polycarpe,

Nakuandikia kwa Kiswahili ili wale wa meza ya pili wasisome juu ya bega lako. Wewe ndiye mkuu wa kazi hii, kwa hiyo uone kwanza kabla ya mteja.

Rasimu ya kwanza ya barua kwa wageni, wale wa hoteli ya Combe-Claire walisema inanukia benki. Ya pili walisema inapiga kelele. Ni kweli. Ulitaka niandike nini kuhusu mlima ambao sijaukanyaga, na zile mbao za kuteleza ambazo nikizivaa nitavunjika kiuno? Theluji ninayoijua ni hii yetu, asubuhi nyeupe, mchana tope.

Bon, hii ya tatu nimeuacha mlima. Wanataka barua zao zisikike kama mtu, basi nimewapa mtu. Ni mtu wa mapokezi anayewajua wageni wake na ana haki ya kuwagombeza. Haanzi na habari njema, anaanza na lawama: umekawia, chai imepoa. Hali ya hewa haisifu, anaisema kama jirani msumbufu. Bei haitaji mpaka mgeni akae. Hasemi "karibu" ikaishia hapo, anakuonyesha kiti chako. Na kila barua anaifunga kwa maneno yale yale: "Usilete kitu. Jilete."

Jana uliniuliza nimemtoa wapi, nikakwepa. Ni Héritier, mdogo wangu. Alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Bukavu, na ndivyo alivyoongea na watu wote, waziri na mbeba mizigo. Nikiandika ni kama amekaa pembeni ananisahihisha. Sijawahi kuandika kwa wepesi hivi. Mteja asijue.

Jambo dogo. Kwenye anwani zetu za barua pepe za majaribio, zile tunazozitumia kuona barua inafikaje kabla haijaenda kwa maelfu ya watu, nimeongeza ya kwake. Nilimfungulia mimi mwenyewe. Simu yake ilifukiwa naye, kwa hiyo haitamsumbua mtu.

Mathilde


Bruxelles, 20 Oktoba 2023

Mathilde,

Mteja amelia. Sikutanii. Mkurugenzi wao aliisoma barua yako mbele ya mkutano, akasema, "Enfin, hatimaye mtu." Donc tunaenda nayo, kila Alhamisi mpaka Pasaka. Wameomba jina tu. Wamechagua Jean-Marie, wanadai linafaa milimani.

Kuhusu mdogo wako, pole sana. Sitasema. Anwani yake iache, haina neno. Lakini mkataba unaujua: sauti ikishalipiwa ni ya mteja. Si yako tena, wala si yake.

Polycarpe


Bruxelles, 29 Oktoba 2023

Abigaël mdogo wangu,

Ndiyo. Nitamwita.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisomea Galerie d'Ixelles, kwa Maman Mbombo, kichwa changu nusu kimesukwa. Akaniuliza, "Ni nani alikufa, maman?" Nikasema hakuna. Akasema, "Alors usilie, uko natingisha kichwa, tresse itaenda kombo." Nikajizuia mpaka akamaliza, ndiyo maana leo nina misuko mizuri na macho mabaya.

Kuhusu Anaclet, hukuniomba ruhusa lakini nakupa. Mpende. Héritier hakuwa mtu wa kumwekea mwenzake kinyongo. Mwambie Tonton tarehe ni ile ile, na Maman umwambie polepole.

Kazini kuzuri. Naandika barua za hoteli moja ya mbali, ya watu wa theluji. Hakuna la kukusimulia.

Mathilde


Kutoka: Jean-Marie, mapokezi ya Combe-Claire
9 Novemba 2023
Héritier, umekawia wapi?

Nimeshuka mara mbili kuitazama barabara. Chai ya kwanza ilipoa nikainywa mwenyewe. Ya pili iko jikoni, ukizidi kuchelewa nitaiongeza maji.

Theluji imefika bila kubisha hodi, kama yule jirani anayejua saa ya chakula. Imekaa mpaka kwenye ngazi. Nimeifagia kidogo upate pa kuweka mguu.

Chumba chako ni kile cha mwisho, cha dirisha la mlimani. Kuna mtu alikitaka, nikamwambia kina mwenyewe. Usinifanye mwongo.

Mambo ya bei tutaongea ukishakaa.

Usilete kitu. Jilete.

Jean-Marie


Bukavu, 26 Novemba 2023

Yaya Mathilde,

Matayarisho yanaendelea. Maman ameanza kukunja nguo zake. Anazikunja, anazikunjua, anasema shati hili lina doa, hawezi kulizikia mtoto shati lenye doa, analifua tena.

Nina maswali, na nakuomba usiniulize sababu. Huko kwenu, milima ya theluji ni mbali? Mtu anaweza kufika kwa treni? Na mtu akiingia Ulaya bila karatasi, anaweza kupata kazi kwa jina lisilo lake, akaishi hivyo? Anaclet anasema haiwezekani, lakini Anaclet hajafika hata Bujumbura.

Na hili pia. Mtu akiumia kichwa, anaweza kubaki na kuongea kwake kule kule, maneno yake yote, ila akasahau watu wake? Au hayo ni ya sinema tu?

Nimemwambia Anaclet asije nyumbani kwa sasa. Alikubali bila kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Maskini angeuliza ningemkasirikia, ningepumua.

Abigaël


Bruxelles, 1 Desemba 2023

Polycarpe,

Uko likizo, nisamehe. Kuna mtu anazifungua.

Ile anwani ya Héritier. Nilikuwa napitia taarifa za mwezi kuona nani amesoma na nani ametupa, nikakuta jina lake kwa waliosoma. Nikadhani ni makosa yangu. Nikarudi nyuma, kila barua ya Alhamisi yumo. Mahali: Bukavu. Barua ya kwanza ameifungua mara nyingi mno, hata mfumo umemhamishia kwenye kundi la marafiki wa nyumba, pamoja na wale wanaorudi kila mwaka. Na Jumapili alibonyeza picha ya kile chumba cha mwisho, akakaa kwenye ukurasa ule muda mrefu.

Simu ilikuwa mfukoni mwake. Sasa niambie ni nani.

Niliondoka ofisini bila kuaga. Nikazunguka mtaa wetu wa Matonge wote, na kila mwanaume wa urefu wake nilimtazama usoni, mpaka mmoja akaniuliza kama namdai. Najua Bukavu si hapa. Miguu yangu ndiyo haikujua.

Na wifi yangu, mke wake, ameniandikia barua ya ajabu. Anauliza kama mtu anaweza kufika Ulaya, akabadilisha jina, akasahau watu wake. Kuna jambo amelisikia na hasemi. Polycarpe, baada ya wiki chache natakiwa kumwita na kumwambia alale.

Mathilde


Bruxelles, 2 Desemba 2023

Mathilde,

Nimempigia yule rafiki yangu wa mitambo. Nakunukulia alivyosema: "Ni robot tu, iko nachunga virus, inafungua kila kitu. Mwambie asijisumbue na muntu mwenye alishakufa." Mimi naongeza: au simu iliokotwa, ikauzwa, na sasa iko kwa mtu wa Bukavu anayependa picha za theluji. Watu wa namna hiyo wapo.

Itoe hiyo anwani leo. Nakuomba kama kaka, si kama mkuu wako. Jean-Marie anafanya kazi nzuri, wateja wanamjibu, wanamletea salamu za watoto wao. Mimi mwenyewe nikisoma barua zake naona haya kuchelewa. Lakini wewe unayeziandika hupaswi kuziamini.

Polycarpe


Bruxelles, 10 Desemba 2023

Abigaël,

Naomba tuahirishe. Siwezi kumwita Januari.

Sheria ni kwamba akiitika, hatuziki. Mimi sina hakika kwamba hajaitika. Siwezi kusema zaidi ya hapo mpaka nijue ninachosema. Mwambie Tonton kwamba nina homa, kwamba kazini wamenibana, chochote. Maman asijue.

Najua nakuomba nini. Najua kuhusu shule, na kuhusu Anaclet. Kama nawe kuna ulichosikia, niambie, hata kiwe kidogo, hata kiwe cha kijinga.

Mathilde


Bukavu, 20 Desemba 2023

Mathilde,

Leo sikuiti Yaya. Acha kunifanya mtoto.

Unajua alipo. Tangu mwanzo unajua. Ndiyo maana huwezi kumwita: unamwita vipi mtu unayemwona, unayekula naye Krismasi?

Nitakwambia kile unachodhani sikijui. Siku ile Héritier aliondoka na kale kasimu ka vitufe, kwa sababu ya wale wanaopora njiani. Simu yake nzuri aliiacha kwenye chaji, karibu na kitanda. Sikumwambia mtu. Mngeiuza, au Tonton angeichukua, na mimi nilitaka kitu kimoja chake kisichokunjwa. Nimekuwa nikiiwasha kila Jumapili baada ya misa kutazama picha zake. Mwezi wa kumi na moja nikawasha nikakuta barua. Halafu kila wiki nyingine.

Imeandikwa kwa Kifaransa na imetiwa sahihi ya Jean-Marie. Lakini niliolewa na ule mdomo. Yule anayelalamika kuhusu chai ni mume wangu. Yule anayeisema hali ya hewa kama jirani ni mume wangu. "Usilete kitu, jilete" aliniambia mimi siku ya posa, wakati baba yangu anahangaika na kabati la kuninunulia. Na jina kwenye barua ni lake. Nikajua amejiandikia kwenye simu yake mwenyewe kwa sababu alijua imebaki kwangu. Amebadilisha jina, amepata theluji yake na kazi yake, na ananiita kwa kificho. Ananiambia chumba kina mwenyewe.

Nilimjibu. Niliandika, "Héritier, ni mimi Abi, sema tu kama uko mzima, sikudai kitu." Jibu lilikuja hapo hapo: "Sanduku hili halisomwi na mtu." Unajua nilikaa siku ngapi na maneno hayo? Nilimfukuza Anaclet kwa ajili ya maneno hayo.

Kama hanitaki, aseme hanitaki. Wewe ni dada yake, mwambie. Ila usiniache hapa nimevaa nyeusi kwa mtu anayefagia ngazi.

Abigaël


Bruxelles, 21 Desemba 2023

Abi,

Keti kwanza. Kama Maman yuko karibu, toka nje.

Jean-Marie ni mimi.

Ile hoteli ya theluji ninayoiandikia barua ndiyo hiyo, Combe-Claire. Walitaka barua zao ziongee kama mtu, nikawapa Héritier, kwa sababu hakuna mwingine ninayejua kuongea kwake mpaka pumzi. Jina Jean-Marie walilichagua wao. Hakuna mwanaume anayefagia ngazi. Kuna mimi, kwenye ghorofa ya nne, nimevaa sweta, naangalia ukuta wa jirani. Jina lililo mwanzo wa barua linawekwa na mashine. Kila anayepokea anakuta lake. Na anwani ya Héritier niliiweka mimi, nikiamini simu iko chini ya udongo pamoja naye. Niliandika kwenda mahali ambapo hapana mtu. Ilinipa raha kumwandikia hivyo, na ndiyo raha iliyotufikisha hapa.

Sasa sikia upande wangu. Mashine hiyo hiyo inanionyesha nani amefungua. Nikaona jina lake. Kila barua, Bukavu, amefungua, amerudi tena, amebonyeza picha ya chumba. Hiyo ndiyo homa yangu. Hicho ndicho kilichonifanya nisiweze kumwita. Nilikuwa nakiri nafsini kwamba ameitika, Abi. Jioni nilikuwa nakaa natazama lile neno, "imefunguliwa," nawaza ameinamaje akisoma, ameshika simu kwa mkono upi.

Kumbe ulikuwa wewe. Wewe ulikuwa unamwona kwangu, na mimi nilikuwa namwona kwako. Katikati hapakuwa na mtu.

Nililia kwa ajili yako kwanza, halafu, nakuambia ukweli, nikalia kwa sababu jana bado alikuwa hai na leo umemuua tena. Usinijibu haraka. Yale maneno ya sanduku lisilosomwa hutumwa kwa yeyote anayejibu. Mimi ndiye niliyepaswa kuyasoma, na ningekujibu.

Mathilde


Bukavu, 4 Januari 2024

Yaya,

Nilikaa muda bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua niielekeze wapi. Kwako nilijaribu, haikukaa. Kwake, haikukaa. Nikaishia kumkaripia mwuza mkaa.

Halafu nikaona hivi. Tangu mwezi wa kumi na moja umekuwa ukimwita. Kila wiki, kwa jina lake, kwa mdomo wake mwenyewe. Na mimi ndiye nimekuwa nikiitika. Sheria inasema mke asiite. Haisemi asiitike, maana nani aliwahi kuwaza jambo kama hilo? Sisi wawili tumemshika katikati kama watu wanaovutana shuka, naye hana pa kwenda.

Tonton anasema bado tunaweza kuishika ile Jumamosi. Nimemwomba jambo, amekuna kichwa, amekubali. Usimwite kwa sauti. Mwite kule kule ulikozoea kumwita, kwenye anwani yake. Ila uwe wewe. Asiwe Jean-Marie, kusiwe na theluji. Mimi nitaishika simu yake mlangoni, imewashwa, ikitazama barabara. Barua itafika mbele ya watu wote.

Safari hii sitaifungua.

Abigaël


Bruxelles, Jumamosi, 13 Januari 2024

Héritier,

ni Mathilde. Hapa hakuna chumba wala chai. Sina ninachouza.

Héritier,

nilikutumikisha. Nilikusimamisha kwenye baridi usiyoijua kuwaita watu usiowajua, kwa sababu nilipenda kukusikia. Mke wako alikusikia naye, akashindwa kukaa na kushindwa kuondoka. Kama uko mahali, na unaweza, itika sasa. Nitakuja nikutafute kwa magoti.

Héritier.

Dada yako


Bukavu, 14 Januari 2024

Yaya Mathilde,

Tulisimama mlangoni tangu watu walipotoka kula. Mvua ilitishia, ikaghairi. Tonton Kalenga alikuwa kulia kwangu, Maman ameketi, kifurushi cha nguo kwenye mapaja yake. Simu niliishika kwa mikono miwili.

Ililia. Ni ule mlio aliouchagua yeye, wa ndege, tuliougombania kwa sababu ulikuwa unamwamsha mtoto wa jirani. Maman akainua kichwa. Kwenye kioo jina lako likatokea, na chini yake mstari wa kwanza: "ni Mathilde." Yaliyofuata yalikatwa. Ilibidi kugusa tu.

Sijui nilisimama kiasi gani. Kidole changu kilikuwa pale. Nilijua ni wewe uliyeandika, nilijua kila kitu, na bado mwili wangu wote ulikuwa unasema gusa, labda. Nilitaka kujua ulimwambia nini. Nilitaka asikie. Kioo kikazima, barabarani akapita mtu na mbuzi wake, akatusalimia, hakuna aliyemjibu.

Tonton akaniuliza, "Ameitika?"

Nikasema, "Hapana, tonton."

Alikuwa amenipa maneno yako niyaseme kwa niaba yako, kwa kuwa uko mbali. Nikasema, "Basi, lala." Maman akatoa sauti moja tu. Nikaizungushia simu lile shati alilolifua mara nyingi, barua yako ikiwa ndani haijasomwa, tukaenda kuzika.

Leo asubuhi walinikata nywele. Kichwa chepesi, kinapigwa na upepo. Anaclet alikuja na kilo mbili za sukari, akakaa na wanaume, akanitazama mara moja. Kesho nitakwenda kwa masista kuuliza habari ya kazi.

Usiniambie uliandika nini.

Abigaël


Bruxelles, 7 Machi 2024

Abigaël mdogo wangu,

Nimefurahi kwamba umeanza shuleni, na kwamba watoto wanakuogopa. Itapita, usiiharakishe.

Uliniuliza kama nimemaliza na Combe-Claire. Siku ile ya mazishi nilikaa mbele ya kompyuta mpaka giza likaingia, na mbele ya jina lake paliandikwa, "haijafunguliwa." Jumatatu nikaifuta anwani yake, nikaenda kwa Polycarpe kumwomba Jean-Marie aachwe apumzike. Aliniombea kweli kwa mteja. Wakakataa. Wageni wanampenda, hoteli imejaa mpaka Pasaka. Nikasema mimi siandiki tena. Wakasema hakuna shida. Wamechukua barua zangu zote, wakailisha programu moja, sasa inaandika yenyewe. Inajua kulalamika kuhusu chai. Polycarpe anasema tofauti haionekani, na aliposema hivyo alitazama chini.

Kwa hiyo kila Alhamisi bado anawaita watu. Tuliyemzika ni wako na wangu. Huyu mwingine hatukuwa na nguo zake.

Wamenihamishia kwa mteja wa sabuni, naandika kama sabuni, sina matatizo. Lakini anwani yangu ilibaki kwao kwenye orodha ya majaribio, na barua zimekuwa zikija. Sizifungui. Na kwa hoteli kama hizi, mtu akikaa muda bila kufungua, mfumo humtumia barua ya peke yake, ya kumrudisha. Najua. Niliupanga mimi.

Yangu imefika leo asubuhi, nikiwa bado jikoni nimesimama na kikombe. Kwenye kioo kulikuwa na jina la Jean-Marie, na chini yake mstari mmoja, ambao mimi sikuuandika na ambao ni Héritier mtupu:

"Mathilde, ninyamaze mimi au wewe?"

Nilikiweka kikombe chini. Nilikuwa peke yangu, Abi, hapakuwa na Tonton wa kuniuliza kitu, hakuna ambaye angejua. Nilisimama pale mpaka kioo kikazima. Kisha nikanyamaza mimi, nikavaa koti, nikaenda kazini.

Wifi yako,
Mathilde